Gitaa la umeme la kujitengenezea: nina ubao wa mvule, nianzie wapi?

solo_kayole anauliza:

Habari za jioni wakuu. Napiga solo kwenye bendi ndogo ya harusi, na Jumapili niko kanisani. Gitaa ninalotumia ni la kuazima, na mwenyewe ameanza kuliulizia kwa simu. Nilipita madukani mjini, nikauliza bei, nikashukuru nikatoka. Sasa nimeamua nitatengeneza langu.

Nilicho nacho ni ubao wa mvule wa inchi 2 kwa 14, urefu futi 5 hivi, uliobaki fundi alipomaliza kitanda cha shemeji. Umekaa sebuleni nyuma ya kochi tangu mwaka juzi. Vifaa: randa ya mkono, patasi mbili, msumeno wa kawaida, pasi ya lehemu, na drili ya umeme ya mjomba ambayo anaitaka kila anapoikumbuka. Karakana ni roshani ya ghorofa ya tatu. Chini yangu kuna mtoto mchanga, kwa hiyo mashine za kelele tusahau. Bajeti ni Sh15,000, nikibanwa sana 18,000.

Natafuta sauti safi, ile ya sebene (ile sehemu ya kuchezea ambapo magitaa hutawala) inayong'aa juu bila kukwaruza, kama magitaa ya bendi za Kongo zilizojaa Nairobi miaka ya 70 na 80. Roki sipigi.

Mvule unafaa au ni mzito mno? Shingo nitumie mbao gani, na ni lazima niweke kile chuma cha ndani cha kuizuia isipinde? Freti, vile vyuma vyembamba vinavyovuka shingo, ndizo zinanitoa jasho: nimepima za hili la kuazima na kila nafasi ni tofauti na mwenzake, kanuni siioni. Pikapu, ile sumaku yenye koili inayonasa sauti ya nyuzi, naweza kusuka mwenyewe? Halafu kuna hili la kanisani: nikishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki, napigwa shoti hadi meno yanauma. Ni gitaa au ni nini?

jioni_njema:

Kaka, kwa 18,000 unapata la mtumba likiwa zima na mfuko wake. Utapiga msasa mpaka Krismasi na bado utakuwa unaazima. Ushauri wa bure huo.

randa_kariobangi:

Solo, kama una harusi Jumamosi hii, mfuate huyo wa hapo juu, hajakosea. Kama huna haraka, vuta kiti.

Mimi ni seremala. Kinachonilisha ni vitanda na makabati ya jikoni. Magitaa nayafanya jioni, na wateja wangu ni watu wa bendi na kwaya, yaani watu wa kulipa kidogo kidogo. Duka la vifaa sina, kwa hiyo nikikwambia nunua kitu ujue sipati hata ndururu.

Roshani isikutie hofu. Brian May, yule mpiga gitaa wa Queen, alianza kutengeneza gitaa lake na babake nyumbani kwao Uingereza Agosti 1963, kijana akiwa na miaka 16. Shingo waliichonga kutoka ubao wa juu ya meko ya zamani, springi za kutingishia nyuzi zilitoka kwenye injini ya pikipiki, na zile alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya nguo kutoka kisanduku cha kushonea cha mamake. Gitaa hilohilo ndilo alilozunguka nalo dunia pamoja na yule mtoto wa Unguja, Freddie Mercury.

Sasa. Kila anayekuja kwangu huanza na mwili: mbao yake, umbo lake, rangi yake. Mwili wa gitaa la umeme kazi yake kubwa ni kushika skrubu. Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, karibu mwaka 1940, alichukua boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4, akaifunga shingo, pikapu na nyuzi, ikalia vizuri tu. Kilichowasumbua watu kilikuwa sura yake, kwa hivyo akalipasua gitaa la kawaida katikati na kuzibandika zile mbavu pembeni mwa boriti. Sauti haikutoka kwenye mbavu. Kwa hiyo mvule wako unafaa, na hata ungekuwa na ubao wa saipresi wa kumwagia zege ningekwambia hivyohivyo. Jasho lako liweke kwenye shingo.

Ila mvule una tabia zake. Ukiuteremsha hadi unene wa milimita 45, mwili mzima utakaribia kilo 3 kabla ya vyuma, na wewe unapiga harusi za saa sita umesimama, kwa hiyo chonga sehemu ya tumbo na ya mkono bila huruma. Pili, mvule huwa na mawe ndani. Mawe kweli, chokaa iliyoganda kwenye mbao mti ukiwa hai. Randa ikikutana nalo utasikia mlio wa "krr" na makali yamekwisha. Ukiona doa la kijivu jeupe, lichokoe kwa patasi kuukuu kwanza. Tatu, vumbi lake ni baya: linawasha pua na ngozi, na wengine linawaletea pumu. Vaa barakoa, na usipige msasa upepo ukielekea kwa yule mtoto wa chini.

Kukauka: nyuma ya kochi tangu mwaka juzi ni mahali pazuri, lakini usiamini kochi. Kata kipande cha mwili kikubwa kidogo kuliko umbo, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiache ndani ya nyumba, kipime tena wiki inayofuata, na inayofuata. Uzito ukiacha kushuka, mbao imezoea hewa ya Nairobi. Ikiwa bado inashuka gramu, ngoja. Halafu ubao mpana namna hiyo hupenda kujikunja. Mimi ningeupasua katikati, nigeuze upande mmoja juu chini, nigandishe tena kwa gundi ya mbao na klampu.

Shingo. Kwenye ule ubao wa futi 5, ukishatoa mwili, unabaki na zaidi ya futi 3, na shingo inahitaji sentimita 70. Toa ufito mmoja wa mvule ulionyooka, kisha nenda soko la Gikomba ununue kipande cha mahogany, siku hizi nyingi ni ya Kongo au Uganda, utoe fito mbili za pembeni. Gandisha tatu pamoja, mvule katikati, na ile mishipa ya mbao ielekee pande tofauti, ili moja ikitaka kujipinda nyingine zinaikatalia. Unapochagua kipande pale yadi, kiinue usawa wa jicho na ufuate mistari yake toka mwisho hadi mwisho. Mistari ikikimbilia ubavuni kabla ya kufika mwisho, kirudishe. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike.

Kichwa usikilaze nyuma. Kifanye bapa, usawa na shingo, kishuke kidogo tu. Magitaa ya Fender ndivyo yalivyo na hayana shida. Kichwa kilicholazwa kikichongwa kutoka mbao moja, mishipa inakatika pale shingoni, na gitaa likianguka mara moja unabaki na vipande viwili.

Chuma cha shingo: weka. Seti ya kawaida ya nyuzi, ile ya 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi), ikikazwa inavuta jumla ya kilo 46 hivi, yaani pungufu kidogo tu ya mfuko wa simenti, mchana na usiku, miaka yote. Mbao peke yake itakubali kupinda, na baada ya mwaka nyuzi zitakuwa juu kama kamba za kuanikia nguo. Inawezekana kutumia chuma kisichorekebishwa, kampuni ya magitaa ya Martin ya Marekani wenyewe walikuwa hivyo hadi 1985, lakini wao walikuwa na mbao za kuchagua. Agiza mtandaoni kile kinachovuta pande zote mbili. Mfereji wake ni milimita 6 kwa upana. Bila rauta, ile mashine ya kuchimba mifereji, utauchimba kwa patasi ya 6 na rula ya chuma kama ukuta wa kuongozea, pole pole, bila kelele. Kiingie kikibana kidogo. Kikicheza ndani, gitaa litakuwa na mtetemo utakaoutafuta mpaka uchoke.

Vipimo vya shingo: upana 42 kichwani, 56 mwisho kabisa. Unene 21 kwenye freti ya kwanza, 23 kwenye ya 12. Ule mfuko kwenye mwili ambamo shingo inaingia uchimbe upana 56, urefu 76, kina 16, zote milimita. Funga kwa skrubu nne. Gundi usiweke, ukitaka kuirekebisha siku moja utanishukuru.

Sasa freti, na hapa ndipo nataka usome mara mbili.

Umesema huoni kanuni. Ipo. Chagua urefu wa uzi, kutoka kile kidaraja cha mfupa kichwani hadi daraja la chini. Wewe wa sebene chukua 648, urefu wa Fender, kwa sababu uzi mrefu unakazwa zaidi na sauti yake inang'aa. Gawanya 648 kwa 17.817. Unapata 36.37. Hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki, 611.63, kigawanye tena kwa 17.817, unapata umbali wa kutoka ya kwanza hadi ya pili, na kuendelea hivyo. Ndiyo maana kila nafasi ni ndogo kuliko iliyotangulia: unagawanya kinachobaki, na kinachobaki kinapungua.

Kuna mafundi hugawanya kwa 18 kwa sababu ni rahisi kichwani. Fanya hesabu uone: freti ya 12, ambayo lazima ikae katikati kabisa kwa 324, inaangukia 321.6. Zaidi ya milimita mbili nje. Nimeletewa magitaa ya namna hiyo na mtu anasema "nyuzi mbovu".

Kosa lingine la kawaida ni kupima freti ya pili kutoka ya kwanza, ya tatu kutoka ya pili. Kila ukiweka rula unapoteza au kuongeza unywele. Nusu milimita tu kila mara, ukifika ya 22 umepotea milimita 11. Jumlisha namba zako kwenye karatasi kwanza, kisha laza rula ndefu ya chuma kwenye ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo unaobeba freti, ifunge kwa klampu isisogee, sifuri ikiwa pale kidaraja kitakapokaa, na upige alama zote 22 bila kuigusa: 36.4, 70.7, 103.1, ya tano 162.5, ya saba 215.5, ya kumi na mbili 324. Alama piga kwa ncha ya kisu, penseli ni nene. Kisha guni, kile kipimo cha pembe mraba, na kisu tena kuvuka ubao.

Mfereji wa freti unatakiwa uwe kama milimita 0.6. Msumeno wako wa kawaida unakula zaidi ya hapo, freti itadumbukia na kuchezacheza. Tafuta msumeno mdogo wa mgongo, ule wa kukatia vipande vya pembe za fremu, halafu usugue mbavu za meno yake kwenye jiwe la kunolea, pande zote mbili sawa, kidogo kidogo. Jaribu kwenye kipande cha kutupa. Freti ikiingia kwa nyundo ya mbao na isitoke kwa vidole, acha kusugua.

Waya wa freti wenyewe uagize. Wako wanaotumia fimbo za shaba za kulehemu, zinalia, lakini shaba ni laini na kwa kuvuta nyuzi kwenu sebene zitachimbika mapema.

Ukishazigonga zote, chukua rula fupi ya chuma inayogusa freti tatu kwa wakati mmoja. Iweke, bonyeza upande mmoja na mwingine. Ikiyumba, ya katikati iko juu. Weka alama kwa kalamu ya wino, sogea freti moja mbele, rudia hadi mwisho. Unazopunguza kwa tupa bapa ni zile zenye alama tu, kisha unazirudishia mviringo. Kazi hii inakula jioni nzima na haina picha nzuri ya kuonyesha watu, ndiyo maana wengi wanairuka, na ndiyo maana magitaa yao yanavuma kama nyuki.

Daraja la chini: usilifunge kabla ya shingo kuingia. Pima kutoka kile kidaraja cha juu, 648 kwa uzi mwembamba, na uache vile vitandiko vya nyuzi viweze kurudi nyuma milimita kadhaa. Nyuzi nene zitahitaji hizo milimita ili zisipande sauti ukibonyeza juu. Kidaraja cha juu tengeneza kwa mfupa. Nenda buchari uombe mfupa wa paja la ng'ombe, uchemshe, usugue mafuta yote, ukaushe vizuri, ukate. Bei yake ni maneno mazuri kwa mwenye buchari.

Vanishi paka upendayo, mimi sina maneno. Shingo ipake mafuta ya kitani tu, na matambara ya hayo mafuta yatandaze nje yakauke, usiyafinyange ukayatupa pipani, huwa yanashika moto yenyewe.

Pikapu waulize watu wa waya.

koili_grogan:

Watu wa waya tumefika. Mimi nasuka mota za pampu na za posho mill, benchi langu liko pande za Kirinyaga Road, na mwalimu wetu wa kwaya ndiye aliyenitia kwenye pikapu.

Kaka Solo, unaweza kusuka, lakini ujue unachokiingia. Waya wa pikapu ya koili moja una kipenyo cha milimita 0.063. Huo ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Koili moja inachukua mizunguko 7,500 hadi 8,000, kama kilomita nzima ya waya, na ukikatika mzunguko wa 6,000 unaanza upya. Sisi wa mota tunauza waya mnene, huo hatunao rafuni. Kuutoa kwenye rilei za zamani inawezekana kwa mtu mwenye subira ya sala. Agiza kibonge kimoja, kinatosha pikapu kadhaa.

Drili ya mjomba ifunge kwenye jiriwa, iende taratibu. Waya uupitishe kati ya vidole viwili ukiwa na kitambaa laini, mkono ukitembea kushoto kulia, usiuvute. Kuhesabu ndiko watu hushindwa, na dawa yake ni kikokotoo cha bei rahisi. Kifungue, unga waya mbili kwenye kitufe cha sawasawa, uzipeleke kwenye swichi ndogo ya sumaku, ile ya kengele za milango. Bandika sumaku ndogo kwenye kichwa cha drili. Bonyeza 1 jumlisha 1, na kila mzunguko sumaku ikipita kikokotoo kinaongeza moja. Hakikisha tu hakirukiruki ukienda kasi.

Ukimaliza pima kwa mita. Karibu kilo-omu 6, uko sawa kwa sauti safi unayoitaka. Mita ikisoma hakuna kitu, waya umekatika mahali. Ikisoma ndogo sana, umekwaruza rangi ya waya na mizunguko imegusana.

Kisha nta. Bila nta koili inapiga mluzi ukiongeza sauti. Mafuta ya mishumaa sehemu nne, nta ya nyuki sehemu moja, kwenye mkebe uliowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, nyuzi joto 65 hivi, pikapu ikae humo mpaka iache kutoa viputo. Mkebe usiuweke juu ya jiko moja kwa moja hata kama una haraka. Nta hushika moto, na wewe uko ghorofa ya tatu.

Ukiweka pikapu mbili, ya pili igeuze sumaku na uisuke upande wa kinyume. Ukiziwasha pamoja, ule mvumo wa umeme wa hezi 50 unakufa na muziki unabaki. Ndiyo akili aliyoitumia Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955 kwenye pikapu ya koili mbili, na wewe unaipata bure kwa kugeuza mkono. Potenshiometa, zile za kuzungusha kupandisha na kushusha sauti, chukua za kilo-omu 250, kapasita ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, zote utazikuta madukani Luthuli Avenue. Chimbo la nyaya libandike karatasi ya shaba, na usisahau waya kutoka daraja la chini kwenda kwenye ganda la potenshiometa. Bila huo, gitaa litavuma hata ukiwa umeshika nyuzi.

Sasa hilo la shoti, na hapa sitanii. Shida haiko kwenye gitaa. Nyuzi zako zimeungwa na amplifaya, maiki imeungwa na mixa, na moja kati ya hizo mbili haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Unapogusa zote wewe ndiye unakuwa waya. Angalia plagi: kuna mtu alivunja ule mguu wa tatu? Kuna ekstensheni ya waya mbili? Amplifaya na mixa zitoke kwenye soketi moja yenye ardhi, na mlete fundi umeme aipime hiyo soketi kwa kifaa. Ukitengeneza gitaa zuri kuliko yote Kenya na ukalichomeka pale, litakupiga vilevile. Mpaka ipimwe, msiimbe mkishika nyuzi. Watu wamekufa kwa hili.

mti_na_sauti:

Fundi Randa umedanganya kijana. Mbao ndiyo sauti. Mpingo unatengenezea klarineti na zumari za orkestra dunia nzima, kwani wazungu ni wajinga? Solo, tafuta mpingo mwili mzima, utaniambia.

randa_kariobangi:

Klarineti inalia kwa hewa inayopita ndani ya mbao. Pikapu ni sumaku na waya, inasoma chuma cha uzi. Mbao inachangia kidogo kwa jinsi inavyoshika au kunyonya mtetemo, hilo nakubali, lakini kati ya hiyo tofauti na tofauti ya kubadilisha urefu wa pikapu kwa milimita mbili, ningechagua bisibisi.

Na mwili mzima wa mpingo utapita kilo 5. Mpingo huzama majini. Umpe nani abebe mpaka alfajiri?

Mahali pa mpingo ni ubao wa vidole. Ni mgumu, hauhitaji vanishi, freti zinashika. Shida ni kupata kipande cha sentimita 50 kilichonyooka, maana mti wenyewe hukua umepindapinda na mara nyingi una uwazi ndani. Waulize wachongaji wa Kikamba, wakati mwingine wana kipande ambacho hakikutosha sanamu. Omba risiti. Ukoo mzima wa mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Ala iliyokamilika ilisamehewa 2019, lakini gogo bila karatasi ni kesi. Usipoupata, mvule wako wenyewe utafaa, upake mafuta mara kwa mara.

solo_kayole:

Asanteni sana, mzee Randa na dada Koili. Nimecheki plagi ya amplifaya ya kanisa: mguu wa tatu haupo, mtu aliukata kwa msumeno kabisa. Nimemwonyesha mwenyekiti wa kwaya. Jioni_njema, nitaendelea kuazima mpaka Krismasi, usijali.

Swali moja la mwisho: pikapu ya kwanza ninunue au nisuke? Na nyuzi nianze na za ukubwa gani?

koili_grogan:

Nunua moja ya bei ya chini, ifunge, gitaa lilie. Ya kusuka ifanye polepole huku ukiwa na ya kulinganisha. Huyo aliyekata mguu wa plagi msimpe kazi nyingine ya umeme.

randa_kariobangi:

Nyuzi 10 hadi 46. Ukikuta ni ngumu kwa sebene shuka kwenye 9, lakini ukishuka urudie kurekebisha chuma cha shingo, mvuto umebadilika.

Mbao usiiguse bado. Andika namba za freti zote 22 uzilete hapa tuzikague, macho ya pili hayalipwi. Ya mwisho lazima isome 466.2 kutoka kidaraja cha juu. Ukipata kitu kingine, weka msumeno chini urudie hesabu.